Nusu ya Simu ni ya Anayekupigia

Siku ambayo kumbukumbu yangu haijawahi kuiweka chini, mwanangu, ni ile niliyoitwa kabichi mbele ya wakwe zangu watarajiwa. Aliyeniita hivyo hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokiona.

Nakusimulia kwa sababu umeniuliza swali ambalo vijana wengi wa huku milimani huniuliza wakiniona nimeshika bisibisi: "Baba, hii simu yangu ya zamani niendelee nayo, au nitafute mpya?" Wanadhani nitawajibu kwa habari za betri na kamera. Hizo nazijua kiasi. Sikusomea ufundi darasani. Nilijifunza kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo ambavyo watu huvitupa pamoja na maboksi, na kwa kufungua vifaa vilivyokwisha kufa, maana kilichokufa huwezi kukiua mara ya pili. Lakini jibu la swali lako sikulipata kwenye kijitabu. Nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya tuta la reli kule Kisaki, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti huku Mgeta.

Wakati ule ujana wangu ulikuwa umekaribia ukingoni na sikuwa nimeoa. Nilitaka sana kuoa. Ila mimi ni mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata, na wakati mwingine hupima mpaka mbao inaliwa na bungua. Hata hivyo nilikuwa nimempata Leokadia, binti wa kijiji cha ng'ambo ya bonde, mkulima hodari wa karoti, mwenye kicheko kinachofika kwenye kona kabla yake. Alinikubali. Wazazi wake wakanikubali. Lililobaki lilikuwa neno la mjomba wake.

Labda umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analea, anasomesha, anaheshimiwa. Lakini kwa desturi yetu posa haijakamilika mpaka kaka wa mama aseme ndiyo. Mjomba wa Leokadia, Mzee Damiani, alikuwa akilima ufuta Kisaki, mbali huko chini ambako treni hupita porini. Alikuwa ameteleza akavunjika mguu, umefungwa plasta, na mlima wetu si wa kupandwa kwa plasta. Basi wazee wakakubaliana: Jumapili baada ya misa apigiwe simu ya video, amwone kijana, aulize anayotaka kuuliza, kisha atoe neno.

"Kwa simu ya nani?" akauliza mama yake Leokadia.

"Yangu, mama," nikasema upesi, tena kwa fahari.

Sasa uijue simu yenyewe. Ilikuwa simu janja ya siku nyingi. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimezama ndani, nikawa nakibonyeza kwa kijiti cha meno. Waya wa chaji haukushika mpaka uwekewe punje ya harage chini yake, na si harage lolote, maana madogo mekundu yalikuwa membamba mno kwa kazi hiyo. Betri nilikuwa nimeibadilisha kwa mkono wangu. Kioo kilipasuka pembeni, nikakifunga kwa utepe. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila mazungumzo yalitokea spika kubwa ya nyuma, na majirani zangu shambani waliyafuatilia maisha yangu kama wanavyofuatilia taarifa ya habari. Leokadia alikuwa amezoea kunisalimu kwa simu kama anayemsalimu katekista. Unyevu wa huku nao ulikuwa umeingia ndani ya jicho la kamera, ukafanya makao.

Kila kilema cha simu ile nilikuwa na dawa yake, na kwa hilo nilijiona mtu mwenye nidhamu. Wenzangu walipobadili simu nilijisemea moyoni, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali nzuri kabisa. Tabu ya methali, mwanangu, ni kwamba haimkatai mtu anayeitumia vibaya.

Jumapili ikafika. Tulikaa barazani kwa kina Leokadia: wazazi wake, mimi, na mjomba wangu mimi, Filbati, fundi seremala, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Leokadia mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango, kama adabu inavyotaka, ila mlango wenyewe ulikuwa wazi kidogo, kama udadisi unavyotaka. Nikaisimamisha simu kwa kuiegemeza kwenye chupa ya chai, nikaunga waya wa sola, nikaweka harage mahali pake. Nikapiga.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikiinamia chupa ya chai.

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Mimi, mzee. Kijana mwenyewe."

"Uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako."

"Huko leo kuna ukungu?"

"Hapana, mzee. Jua linawaka."

"Mbona mimi naona ukungu? Na ndani ya ukungu naona kabichi. Limevaa shati jeupe."

Nyuma ya mlango kicheko kikamponyoka mtu. Mjomba Filbati akasogea kunisaidia. "Kijana ni mzuri, mzee mwenzangu. Mimi namwona hapa."

"Wewe huozi mtu. Mwambie asogee."

Nikasogea.

"Sasa kabichi limekuwa kubwa."

Nikaichukua simu nifute kamera kwa pindo la shati. Katika kufuta nikagusa waya, harage likaruka, simu ikazima. Ndipo wakwe zangu watarajiwa, watu wazima waliotoka misani na nguo zao safi, walipopiga magoti sakafuni kunisaidia.

"Tunatafuta nini?" akauliza mama mkwe akiwa chini ya meza.

"Harage, mama."

"La nini?"

"La simu, mama."

Hakuuliza tena. Baba mkwe ndiye aliyelipata, karibu na kiatu chake, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ni sakramenti. Nikawasha kwa kijiti cha meno, tukangoja. Video ikakataa kabisa. Nikapiga simu ya kawaida, na sauti ya Mzee Damiani ikatokea spika kubwa, ikaenea baraza zima na bustani ya figili ya jirani.

"Mbona mmepotea?"

"Tulikuwa sakafuni, kaka," akasema mama mkwe. "Tunatafuta harage."

Nadhani Mzee Damiani alikuwa akijaribu kuelewa mambo ya watu wa milimani. Kisha akasema, pole pole:

"Kijana, simu hiyo ni yako?"

"Yangu, mzee. Ni ya siku nyingi, lakini naitunza."

"Unaitunza wewe, au wanaitunza hao waliopiga magoti?"

Nikalishika harage kwa kidole lisiruke tena.

"Sikiliza. Hapa nilipo nimepanda tuta la reli kwa magongo, tuta lile lile lililonivunja, maana huko chini mtandao haukamati. Nimefika. Wewe uko kwenye kiti na hujafika. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi guu mimi nimekwisha kukuvunjikia. Kazi yako imebaki kusikia tu."

"Nasikia, mzee."

"Simu unaiona yako kwa sababu umeinunua. Nusu yake ni yako. Nusu ya pili ni ya anayekupigia. Ni kama mlango uliolegea bawaba. Wewe mwenyewe umeuzoea, unajua kuuinua kidogo na kuusukuma kwa goti, unaingia kila siku. Mgeni atabisha, atasukuma, ataondoka zake. Sasa mpwa wangu akiwa kwako, mlango nitakaobisha ni huo. Nikisikia anaumwa, nikipiga, nitampata nani? Nimuulize kabichi?"

Safari hii hakuna aliyecheka, hata nyuma ya mlango.

Mjomba Filbati akajaribu tena. "Tuazime simu ya jirani basi, umwone kijana leo leo tumalize."

"Ya jirani itanionyesha uso, na uso hata sungura anao. Mimi nataka kumwona kwa simu nitakayoipiga miaka yote. Nawapa mpaka Jumapili ijayo. Na sitawaficha: kuna mwalimu mmoja wa Dakawa amekwisha kupiga hodi. Simu yake inaonyesha mpaka magego."

Mwanangu, karipio la namna hiyo ni zawadi, ila siku unayopewa hulioni kama zawadi. Usiku ule niliona wivu juu ya magego ya mtu nisiyemfahamu.

Kesho yake tukashuka mjini na kenta ya mboga, mimi na Mjomba Filbati juu ya magunia ya karoti. Njiani nikamweleza mpango wangu: nizunguke maduka yote, nilinganishe, nirudi nyumbani nikasome, kisha nishuke tena.

"Soma," akasema. "Soma mpaka mwalimu wa Dakawa abatize mtoto wa kwanza. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Nikaacha mpango. Lakini moyo wa mtu aliyeaibika ni kama bembea, ukitoka upande huu unakwenda kugonga upande wa pili. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwa simu ya harage, nilipofika dukani macho yangu yaliruka simu zote za kawaida yakatua kwenye ile kubwa kuliko zote, inayong'aa kama kigae kilichomwagiwa maji. Muuzaji, kijana mchangamfu wa mjini, aliliona jambo hilo kabla yangu.

"Braza, hii ni mashine," akasema. "Macho matatu nyuma. Inapiga picha mpaka mawazo."

"Mawazo yake nayajua," akasema Mjomba Filbati. "Hayahitaji picha."

Akaichukua ile simu, akaipima mkononi kama anavyopima randa, akairudisha kaunta. Kisha akanigeukia mimi.

"Simu ya zamani ilikunyima nini?"

Nikafikiri, nikamjibu kwa makini. Ilininyima kuonekana. Ilininyima kuongea na mtu bila shamba zima kusikia. Na haikuweza kukaa hewani bila harage.

"Hii ya macho matatu ina nini zaidi ya hayo?"

Muuzaji akaanza kueleza: gemu, picha za usiku, kioo kinachopinda kwenye kingo. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. "Umeeleza vizuri, mwanangu. Lakini nilimuuliza huyu." Akaniinamia. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Jana ulikuwa mtumwa wa harage. Leo unataka kuwa mtumwa wa mwalimu wa Dakawa, na mwenzako hata hajui kama upo duniani."

Nikacheka. Kweli ikisemwa vizuri inatekenya.

Tukachagua simu ya wastani, isiyo na maneno mengi. Mjomba hakukubali tuilipie kabla ya kuijaribu, kwa sababu kwa useremala wake mlango hujaribiwa ukiwa umesimama kwenye fremu. Ukiwa umelala sakafuni kila mlango ni mzuri. Nikatia laini yangu, nikatoka nje penye jua, nikampigia Leokadia. Nikaiweka simu sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kufanya hivyo.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Leokadia kwa sauti ya kanisani.

"Milele amina. Leo," nikamwambia, "hakuna anayekusikia isipokuwa mimi."

"Hakuna?"

"Hakuna. Sauti iko sikioni."

Nikasikia akivuta pumzi, nikasikia na jogoo wa kwao mbali nyuma yake. Halafu akaniambia maneno ambayo kumbe alikuwa ameyaweka tangu tulipofahamiana, akiyazuia kwa ajili ya wapalilia karoti. Maneno yenyewe sikusimulii. Nakuambia tu kwamba niliporudi dukani muuzaji aliniuliza kama naumwa, na Mjomba Filbati akamwambia, "Hapana. Mfungie hiyo hiyo."

Jumapili iliyofuata baraza lilijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za kabichi zilikuwa zimeshavuka bonde na kila jirani alikuwa na sababu ya kupita. Nikapiga. Uso wa Mzee Damiani ukajaa kwenye kioo, mweusi, mpana, wenye ndevu za mvi na kofia ya kufuma, na nyuma yake reli ikinyooka hadi inapotea.

Alinitazama kwa muda mrefu. Nami nikakaa nitazamike.

"Kumbe una masikio," akasema.

"Ninayo, mzee."

"Makubwa. Yatakusaidia. Geuza simu niione nyumba utakayomweka mpwa wangu."

Nyumba yangu inaonekana kutoka barazani pale, ng'ambo ya bonde. Nikaisogeza picha karibu kadiri simu ilivyoweza.

"Bati la kona limeinuka."

"Nitalipigilia, mzee."

"Utalipigilia lini?"

"Kesho."

"Lipigilie kabla hujaoa. Mwanamume hupigilia bati kabla ya ndoa. Baada ya ndoa huliangalia tu." Akaomba aonyeshwe dada yake, akamsalimu. Akaomba aonyeshwe Leokadia, naye akatoka nyuma ya mlango na kitenge chake cha Jumapili, akapiga goti mbele ya chupa ya chai.

"Mwanangu, unamtaka huyu?"

"Namtaka, mjomba."

"Na masikio yake?"

"Na masikio yake."

"Haya. Mimi nimeona, nimesikia. Mchukueni kijana, ni wenu."

Vigelegele vya mama mkwe vilivuka bonde, vikajibiwa na watu waliokuwa wakipalilia upande wa pili bila hata kujua habari ni nini. Mzee Damiani, huko juu ya reli, tulimwona akiinua gongo moja hewani akicheza mabega. Tukampigia kelele ashushe asije akavunjika na mguu wa pili.

Simu ya zamani sikuisahau. Betri yake ilikuwa imeanza kuvimba, na betri iliyovimba haiwekwi ndani ya nyumba yenye watu. Nilihamisha majina na picha, nikafuta yaliyobaki, nikampelekea fundi wa mjini anayejua pa kuitupa betri, mwili wa simu ukabaki kwake kwa ajili ya vipuri. Kijiti cha meno nilirudi kukitumia kwa kazi yake.

Sasa nikuletee mambo hadi leo, maana hadithi ikiishia hapo utadhani nakwambia ukanunue. Simu ile ya wastani ninayo mpaka sasa. Imechakaa. Binti yangu mkubwa hunitania, "Baba, hiyo simu walikuja nayo wamisionari?" Juzi juzi akanishikia bango kweli kweli kwamba muda umefika wa kubadili. Sikumbishia. Nikakumbuka kwamba swali hilo silijibu mimi peke yangu, nikawauliza wenye nusu yao. Nilimuuliza dada yangu aliye Dumila: unanisikia vizuri? Akasema ananisikia kuliko anavyotaka. Nikawauliza wanunuzi wa njegere: mkinipigia mnanipata? Wakasema wananipata. Jumapili nikamuuliza Mzee Damiani, ambaye hajawahi kuacha kupiga.

"Unanionaje, mjomba?"

"Vizuri sana. Umeanza kuota mvi upande wa kushoto, na umenenepa."

Basi nikaibakisha. Ya kale ni dhahabu, na safari hii methali inatumika mahali pake.

Kwa hiyo, mwanangu, simu yako usiihukumu kwa umri wake wala kwa simu ya mwenzako. Kaa chini utaje kwa majina kile inachokunyima. Kama inachokunyima ni kusifiwa tu, iache iendelee na kazi. Sifa za simu hazimalizi msimu wa masika. Kama ni kioo au betri, mwone fundi kwanza, kwa maana kilema kimoja kinatibika. Lakini ukiona vilema vimekuwa ukoo, ukiona watu wanaokupenda wamejifunza kupunguza maneno yao kwa ajili ya simu yako, au mama yako anapiga mara mbili tatu ndipo akupate, basi usijisifu kwamba unatunza. Wanatunza wao. Badilisha, wala usione haya. Na siku ya kubadilisha, nunua kile kilichokosekana na si zaidi. Kijaribu kabla ya kulipa, tena kwa kumpigia mtu ambaye sauti yake ndiyo sababu ya wewe kuwa na simu.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na mikono yako. Akupe riziki isiyokukimbiza na macho ya kutofautisha haja na tamaa. Na zaidi ya yote akujalie watu wa kukupigia, na kila wapigapo, wakukute.